Vellore, Mji wa Kungojea Damu Mpya

Zamani, mtu wa Pwani alipotaja India alikuwa akitaja bidhaa: vigae vya Mangalore vilivyoezeka nyumba za Mombasa, vitambaa, mchele, na majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Siku hizi ukisikia Kibokoni au Majengo kwamba fulani amekwenda India, suali la kwanza ni maradhi gani yamempata. Neno limehama bandarini likaingia hospitalini. Na miongoni mwa miji itajwayo katika mazungumzo hayo umo mmoja ambao wengi wetu hatukuwahi kuusikia mpaka tulipouhitajia, nao ni Vellore.

Nilikaa Vellore tangu Februari mpaka Julai mwaka 2019, nikimuuguza mwana wa dada yangu, mama wa watoto wawili, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31. Alikuwa na saratani ya damu ambayo madaktari huiita lukemia kali ya mieloidi, na tulikwenda ili apandikizwe uboho. Tangu turudi, akina mama hunishika mkono baada ya darsa wakaniuliza mambo yale yale, nami nimeona afadhali niyaandike pamoja na habari za mji wenyewe, kwa sababu matibabu haya hayafanywi kwa siku moja. Ni kuhamia mahali.

Kutoka Chennai hadi Vellore ni takriban kilomita 140 kuelekea magharibi, ndani ya jimbo la Tamil Nadu. Ajaye kwa treni hushuka Katpadi, kisha huvuka mto Palar. Daraja la mto huo ni refu, na chini yake, kwa sehemu kubwa ya mwaka, hakuna ila mchanga. Wenyeji wenyewe huutania mji wao kwa kusema una mto usio maji na ngome isiyo mfalme. Vilima vinavyouzunguka ni vya mawe makavu, na mawe hayo hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Sisi tuliozoea joto la Mombasa lenye upepo wa bahari tulikutana na joto la aina nyingine, la bara, ambalo mwezi wa Mei hupita nyuzi 40.

Hospitali kubwa ya mji, Christian Medical College, iko katikati ya mji wenyewe, kwenye barabara inayoitwa Ida Scudder. Mbele ya lango tuktuk kama zetu husongamana tangu alfajiri, na katika vichochoro vya ng'ambo zimejipanga nyumba za wageni, ambazo huko huitwa lodji, kila moja ikiwa na vyumba vidogo vyenye jiko la kupikia. Mgonjwa hakai humo usiku mmoja au miwili. Hukaa miezi. Ndiyo maana maduka ya pale huuza sufuria, ndoo, mikeka na barakoa katika rafu moja, na ndiyo maana vibao vingi, juu ya kuwa huu ni mji wa Kitamil, vimeandikwa Kibengali: wagonjwa wengi hutoka Bengali ya Magharibi na Bangladesh, na mwenye duka huandika lugha ya mteja wake. Waislamu wa mjini ni wengi, wengi wao wakizungumza Kiurdu cha kusini pamoja na Kitamil. Hatukujua hata moja kati ya lugha hizo, lakini salamu ya Kiislamu ilitufungulia milango mingi kuliko Kiingereza.

Msomaji huenda akashangaa kwamba hospitali ya wamishonari inasifiwa katika gazeti letu. Kisa cha kuanzishwa kwake kinatuhusu. Mwishoni mwa karne ya 19, msichana wa Kimarekani, Ida Scudder, alikuwa akikaa na baba yake, daktari, katika mji wa Tindivanam. Usiku mmoja walikuja wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiomba msichana yule akamsaidie mkewe aliyekuwa na uchungu wa kujifungua. Alipowaambia kuwa daktari ni baba yake, si yeye, walikataa, kwani mila yao haikuruhusu mwanamume wa nje kumwona mke. Mmoja wa watatu hao alikuwa Mwislamu. Kulipopambazuka wanawake wote watatu walikuwa wamekufa. Ida alikwenda Marekani kusomea udaktari, akarudi mwaka 1900, akaanza na kitanda kimoja mjini Vellore, na mwaka 1918 akafungua shule ya kuwafundisha udaktari wanawake. Kila nilipopita kwenye korido na kuona daktari wa kike akimfunika mgonjwa wake kwa adabu kabla ya kumpima, niliwakumbuka wale watatu.

Sasa nirudi kwenye maradhi. Uboho ni ule utelezi mwekundu ulio ndani ya mifupa, na ndiyo kiwanda cha damu. Humo mna seli shina, yaani seli mama ambazo huzaa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na chembe za kugandisha damu. Katika lukemia kali ya mieloidi, chembe changa zisizokomaa huzaliana ovyo na kukijaza kiwanda. Zikifikia 20 katika kila 100 kwenye uboho, madaktari kwa kawaida huthibitisha ugonjwa. Dalili zake ni za kawaida mno, na hapo ndipo penye hatari: uchovu, homa isiyoisha, fizi kutoka damu, alama za buluu mwilini bila kuumia. Mpwa wangu alidhani ni upungufu wa damu wa uzazi, akanywa dawa za madini ya chuma kwa wiki kadhaa.

Matibabu ya kwanza alipata Nairobi. Ni dawa kali za mshipa, na utaratibu unaotumika duniani kote ni siku saba za dawa iitwayo saitarabini pamoja na siku tatu za danorubisini. Makusudio ni kuuleta ugonjwa katika utulivu, yaani chembe mbovu zipungue mpaka hadubini isizione kwa wingi na damu njema irudi. Kwa walio chini ya miaka 60, wagonjwa 6 hadi 8 katika kila 10 huufikia utulivu huo. Na hapa ndipo familia nyingi hukosea njia. Wakiona nywele zinaota na uso unang'aa, husema Alhamdulillah amepona, shughuli imekwisha. Utulivu si kupona. Bila ya matibabu mengine baada yake, ugonjwa huu hurudi, na mara nyingi hurudi ndani ya miezi.

Kinachofuata hutegemea aina ya ugonjwa, na aina hiyo husomwa katika kromosomu na jeni za chembe mbovu. Kuna wenye aina nyepesi kidogo ambao dawa peke yake huwatosha. Kuna aina moja, ya promielositi, ambayo hutibiwa kwa arseniki, ndiyo ile sumu itajwayo katika hadithi za kuuana, na wengi mno hupona bila kupandikizwa chochote. Vellore ni miongoni mwa mahali palipojulikana kwa tiba hiyo ya arseniki tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Basi mwenye mgonjwa asikimbilie kusema anataka upandikizaji kabla hajaulizia vipimo vya jeni. Huenda hauhitajii. Vipimo vya mpwa wangu vilionyesha aina ambayo, kwa dawa peke yake, tumaini lake lilikuwa dogo.

Upandikizaji wenyewe si upasuaji. Nalisema hili mapema kwa sababu dada yangu, mamake mgonjwa, alilia siku mbili akidhani watoto wake watapasuliwa mifupa. Mgonjwa kwanza hupewa dawa kali zaidi, kwake zilikuwa fludarabini na busulfani, ili kusafisha kiwanda chote, kibaya na kizuri. Kisha seli shina za mtu mwingine huingizwa mshipani kama anavyoongezwa mtu damu. Zenyewe hujua njia ya kwenda mifupani. Siku hiyo huitwa siku sifuri, na kuanzia hapo kila mtu wadini husema siku ya tano, siku ya kumi na mbili, kana kwamba kalenda za dunia zimefutwa.

Elimu hii si ya jana. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kuijaribu mwaka 1957, akashindwa mara nyingi, na mwaka 1990 alipewa tuzo ya Nobel. India ilifanya upandikizaji wake wa kwanza mjini Mumbai mwaka 1983, kwa mtoto wa kike wa miaka 9 aliyekuwa na lukemia hii hii. Vellore ilifuata mwaka 1986.

Mtoaji apatikane wapi? Katika chembe zetu kuna alama ziitwazo HLA, nusu tunarithi kwa baba na nusu kwa mama. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kikamilifu na mgonjwa. Wenye ndugu mmoja tu wana robo ya tumaini. Wenye ndugu watano wana takriban 76 katika 100. Zile familia kubwa ambazo watu hutucheka kwazo ni hazina siku hiyo. Ziko pia daftari za kimataifa za watu waliojitolea kuwatolea wasiowajua, lakini wengi walioandikwa humo wana asili ya Ulaya. Sisi wa Pwani, ambao ndani ya ukoo mmoja mna Mbajuni, Mwarabu, Mdigo na Mbaluchi, alama zetu zimechanganyika kwa namna ambayo si rahisi kuikuta katika daftari za Ujerumani au Marekani. Mtoaji wetu aghalabu yuko nyumbani, anakula nasi.

Mpwa wangu ana ndugu watano. Walipimwa kwanza kaka zake watatu. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni hao tu. Mwanamume ndiye mwenye nguvu, ndiye asafiriye, ndivyo tulivyolelewa. Hakuna kati yao aliyefanana naye kikamilifu. Dada mkubwa alipimwa baadaye, naye hakufanana. Aliyebaki alikuwa kitinda mimba, miaka 22, na jina lake halikutajwa kwa sababu alikuwa ameposwa na nikahi yake ilipangwa baada ya Idi.

Sampuli yake ilipochukuliwa Mombasa na majibu kuja, alama zote zilikuwa sawa na za dada yake. Furaha yetu ilidumu usiku mmoja. Asubuhi wakwe watarajiwa walituma mtu. Walisema kwa upole, maana ni watu wa heshima, kwamba wana hofu binti akitolewa uboho huenda asizae, na kwamba yafaa angojee mpaka ndoa ipite. Nao hawakujua, kama sisi tulivyokuwa hatujui, kwamba ugonjwa haungojei. Utulivu wa kwanza ni dirisha. Likifungwa, ugonjwa ukarudi, kuupata utulivu wa pili ni kazi kubwa zaidi na matokeo yake ni dhaifu zaidi. Na dawa za kuukaza utulivu haziwezi kuendelea milele, kwani mwili una mwisho wa kuvumilia.

Shemeji yangu, baba wa mabinti hao, ndiye aliyekwenda kwa wakwe. Alichukua maelezo ya daktari yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, nami nitayaeleza hapa kama yalivyokuwa. Mtoaji huchomwa sindano chini ya ngozi kwa siku nne au tano, zinazofanya seli shina zitoke mifupani na kuingia katika damu. Sindano hizo huleta maumivu ya mifupa na kichwa, kama homa ya mafua. Kisha hulazwa kitandani saa kadhaa, damu ikitoka mkono mmoja, ikipita katika mashine inayochuja seli shina, na kurudi mkono wa pili. Alichotoa mwili wake hukirudisha wenyewe baada ya muda mfupi. Uzazi hauguswi. Asiyefaa kutoa ni mwenye mimba, na hiyo yenyewe ilikuwa sababu ya kutangulia uboho kabla ya nikahi, si baada yake.

Wazee wakauliza la dini, kama ilivyo haki yao. Baraza la Fikihi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 lilijuzisha kumpa mtu kiungo kinachojirudisha chenyewe, kama damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe na akili timamu na masharti ya sharia yatimie. Kadhi tuliyemwendea alisema uboho uko katika mlango huo huo. Aliulizwa pia suali ambalo mwanzo lilinifanya nitabasamu, kisha nikaona ni la maana: mtu akipewa damu ya mwingine, je, wanakuwa maharimu kama walionyonya ziwa moja? Jibu ni hapana. Uharimu wa kunyonya ni wa maziwa, haupatikani kwa damu. Suali hilo huwahusu zaidi wanaopata mtoaji asiye jamaa.

Mchumba mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alisema atangojea. Binti alifika Vellore mwishoni mwa Machi, na siku sifuri ikawa katika wiki ya kwanza ya Aprili.

Nisiache neno kwa familia ambazo hazikupata mtu wa kufanana kikamilifu. Zamani mlango ulikuwa ukifungwa hapo. Leo mama, baba, mtoto aliyefikia umri, au ndugu aliyefanana nusu anaweza kutoa, kwa utaratibu ulioendelezwa huko Baltimore, ambapo siku chache baada ya kupandikiza mgonjwa hupewa dawa ya siklofosfamidi kutuliza chembe kali za mtoaji. Kwa hiyo karibu kila mgonjwa mwenye jamaa ana mtu. Madaktari wanapochagua kati ya watoaji huangalia umri, kundi la damu na mambo mengine. Kwa mfano, mwanamke aliyekwishazaa akimtolea mwanamume, uwezekano wa seli zake kushambulia mwili wa mpokeaji huongezeka. Lakini uchaguzi huo ni wa daktari mwenye vipimo mbele yake. Sisi kazi yetu ni kupeleka majina yote, ya kiume na ya kike, na kupima kabla ya kukata tiketi. Damu kidogo au ute wa ndani ya shavu hutosha.

Na neno jingine, kwa wasichana na wake ambao hawajapata watoto au bado wanataka zaidi. Kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa mtoaji, dawa za kusafisha uboho mara nyingi humaliza uzazi na kuleta ukomo wa hedhi mapema. Muulizeni daktari kuhusu kuhifadhi mayai kabla dawa haijaingia, na muulizeni mwanachuoni mipaka yake, kwani nje ya ndoa iliyo hai mayai hayo hayatumiki. Madaktari wanaume wengine huona haya kulitaja mbele ya baba wa binti, na baba huona haya kuliuliza. Mama alitaje.

Wiki za mwanzo baada ya siku sifuri, mgonjwa hana kinga kabisa. Mpwa wangu alikaa katika chumba chenye hewa iliyochujwa, nami niliruhusiwa kuingia nikiwa nimeosha mikono mpaka ngozi ikapasuka. Kinywa chake kilikuwa kidonda kitupu. Alisali kwa ishara akiwa amelala. Siku ya kumi na sita chembe nyeupe zilianza kuonekana, na zilipopita 500 kwa siku tatu mfululizo daktari akasema uboho umeshika. Kundi lake la damu, ambalo tangu kuzaliwa lilikuwa O, baada ya miezi liligeuka A, kama la mdogo wake.

Ramadhani ilitukuta katika lodji. Ilianza mwanzoni mwa Mei, wakati ambao Watamil huuita kathiri, kilele cha joto. Msikiti wa jirani, kama misikiti mingi ya Tamil Nadu, hupika uji wa futari uitwao nombu kanji: mchele uliopondwa, choroko, uwatu, tui la nazi, na nyama kidogo. Jioni watoto hupanga foleni na vyombo vyao. Mara ya kwanza kuonja nilisema huu ni uji wetu uliopotea njia ukakutana na mchuzi. (Biriani yao ni habari nyingine. Ile ya Ambur, mji ulio kama kilomita 50 kutoka hapo, hupikwa kwa mchele mdogo wa punje fupi, nyama na wali pamoja, na huliwa na mchuzi wa biringani. Wanaisifu sana. Mimi ni mtu wa Mombasa, nitanyamaza.) Mgonjwa wetu hakuruhusiwa kula chochote cha nje. Maji ya kuchemsha, matunda ya kumenywa, chakula kilichopikwa saa hiyo hiyo. Nilimpikia uji wa aina ile ile katika sufuria yetu ili awe na watu.

Alihitaji pia chembe za kugandisha damu, karibu kila siku kwa muda. Benki ya damu huomba kila familia ilete watu wa kurudishia kilichotumika. Familia ya Vellore ina binamu hamsini. Sisi tulikuwa wanne. Imamu aliposikia alitangaza baada ya tarawehe, na vijana tisa ambao sikuwajua majina walikuja. Watu wanaotaka kusafiri huhesabu nauli, chumba na hospitali. Wahesabu na damu.

Nilipopata mapumziko nilikwenda ngomeni. Ni ngome ya mawe ya granaiti ya karne ya 16, imezungukwa na handaki lenye maji, na ndani mna hekalu, kanisa na msikiti. Msikiti huo unalindwa kama jengo la kale na hausaliwi. Baada ya Tipu Sultan wa Mysore kuuawa na Waingereza tarehe 4 Mei 1799, familia yake, wake na watoto, ilihamishiwa humo ikakaa chini ya ulinzi. Mwaka 1806 askari wa Kihindi waliasi ndani ya ngome, na baada ya hapo familia ikapelekwa mbali zaidi, Calcutta. Lakini si wote waliokwenda. Kiasi cha kilomita moja kutoka ngomeni kuna makaburi ya wanawake wa nyumba hiyo, akiwemo Bakshi Begum, mjane wa Hyder Ali baba yake Tipu. Niliwasomea Fatiha. Walikuja Vellore bila ya kutaka na wakabaki.

Kubaki lilikuwa neno ambalo katika lodji yetu halikutamkwa. Chumba cha pili kilikuwa cha mama kutoka Bangladesh na mwanawe wa miaka 19. Walikuja wakiwa wameuza shamba, lakini kukusanya fedha kuliwachukua miezi, na walipofika ugonjwa wa kijana ulikuwa umekwisharudi. Alipandikizwa ugonjwa ukiwa bado haujatulia sawasawa. Siku ya sitini na kitu ukaonekana tena. Mama yule alinifundisha kukunja pande za tambi za Idi. Siku walipoondoka alituachia feni yake.

Watu huniuliza: wangapi hupona? Kwa watu wazima wasio wazee waliopandikizwa wakiwa katika utulivu wa kwanza, takriban nusu au zaidi kidogo huwa hai baada ya miaka mitano. Waliopandikizwa ugonjwa ukiwa bado unafanya kazi, idadi hiyo hushuka mpaka karibu na robo. Wanaokufa, wengi huuawa na ugonjwa uliorudi, na kurudi kwake hutokea zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Wengine huuawa na vijidudu, na wengine na hali ambayo damu mpya huuona mwili wa mwenyeji kuwa adui na kuushambulia ngozini, tumboni na kwenye ini. Ajabu ya Mwenyezi Mungu ni kwamba uadui huo huo, ukiwa mdogo, ni sehemu ya dawa, kwa sababu damu mpya huwinda chembe za saratani zilizojificha. Madaktari waliligundua hilo walipoona kwamba waliopewa uboho na pacha wao wa kufanana kabisa ugonjwa huwarudia zaidi.

Kwa hiyo ninapoona kwetu michango ikitangazwa kwa ajili ya mgonjwa wa maradhi haya, hutaka kujua mambo mawili kabla ya kiasi kinachotafutwa: yuko katika utulivu, na nani katika jamaa wamekwishapimwa. Mamilioni ya shilingi yaliyokamilika miezi sita baadaye huenda yakanunua nafasi nusu ya ile ambayo ingenunuliwa mapema. Ni vyema kamati ya msikiti ianze na vipimo vya ndugu, ambavyo ni sehemu ndogo ya gharama, huku mchango ukiendelea.

Siku ya mia ilipita katikati ya Julai. Uboho wake ulikuwa safi, wote wa mdogo wake. Tukarudi nyumbani, na mdogo mtu aliolewa mwezi uliofuata. Mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kiume. Mpwa wangu hakurudi kuwa alivyokuwa. Macho yake hukauka, hutia matone mara kadhaa kwa siku, kinywa hakivumilii pilipili, jua huliogopa. Alimeza dawa za kutuliza kinga kwa zaidi ya mwaka, na homa yoyote ndogo hutupeleka hospitali usiku.

Uboho mpya pia haukumbuki chanjo za utotoni. Zote hupasa kuanzwa upya, za kuzuia pepopunda, dondakoo na kifaduro kwanza, na ile ya surua, ambayo ni ya kijidudu hai, mpaka miaka miwili ipite. Basi alikuwa akienda kliniki ya watoto mjini Mombasa na kadi yake mkononi, mwanamke mzima aliyejistiri kwa buibui, akikaa kwenye benchi katikati ya akina mama walionyonyesha. Muuguzi alitoka mara ya kwanza, akatazama benchi lote, akamuuliza mtoto yuko wapi.